Eveline na karatasi aliyoiogopa miaka mitatu

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, Igowole, wilayani Mufindi. Ukungu bado umekalia mabati na Eveline Kihwele anainua shoka. Gogo la muwati linapasuka vipande viwili. Nyuma yake vijana kumi na sita wanapasua, wanabeba, wanapanga kuni ukutani kwa Bibi Bertha, mjane wa miaka 81 anayeishi peke yake.

"Kamwene, Bibi! Hizi zitakufikisha Agosti," anasema Eveline.

"Kama hamtazimaliza wenyewe kwa kuota moto," anajibu Bibi Bertha, na vijana wanaangua kicheko.

Eveline ana miaka 27. Ana stashahada ya maendeleo ya jamii aliyoipata Iringa mjini, na ajira hana. Siku za kazi anachuma chai; majani yakiwa mengi anarudi na shilingi elfu nane, baridi ikikaza hafikishi elfu tatu. Kwa miaka mitatu sasa, kila Jumamosi, anakusanya vijana wa kijiji kuwapasulia kuni na kuwazibia mapaa wazee wasio na mtu. Halipwi hata senti.

Leo ana wasiwasi, wala hafichi. Kwenye mkoba wake wa kitambaa kuna karatasi ya mahudhurio.

"Naiogopa hii karatasi kuliko shoka," anamwambia mwandishi wa makala haya.

Hofu hiyo ilianza siku ya kwanza kabisa. Alikuwa ametoka chuoni na mambo yake ya chuoni: kabla ya kazi akapitisha karatasi, jina, namba ya simu, sahihi. Vijana thelathini na wanne wakasaini. Wakachapa kazi vizuri tu. Ilipokwisha, hakuna aliyeondoka.

"Nikadhani wanapumzika. Saa saba, bado wapo. Nikawauliza, jamani, vipi? Wakasema tunasubiri posho, si tumesaini?"

Nani angewalaumu? Aliyewahi kukaa kwenye semina nchi hii anajua: ukisaini, kuna bahasha. Sosthenes Mgaya, fundi pikipiki wa miaka 24, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote siku hiyo.

"Nilimwambia kabisa, dada, umekula hela yetu," anakumbuka huku akijikuna kichwa. "Nilijiona mjanja kweli."

Jumamosi iliyofuata walikuja wanne. Eveline akaachana na karatasi, akarudi kwenye kile alichokulia: mgowe, ile kazi ya kusaidiana shamba kwa shamba waliyoifanya wazazi wake. Anayesaidiwa anapika alichonacho, mnakula, mnatawanyika. Ulanzi tu, ile pombe ya mianzi, ndio aliouondoa, akaweka chai. Sosthenes alirudi baada ya miezi mitatu, vijana hao walipomaliza kuezeka upya nyumba ya mama yake mkubwa.

Sasa shirika moja la mjini Iringa limemwita Eveline kwenye usaili Jumatano, nafasi ya mratibu wa vijana, mkataba wa miaka miwili. Barua inataka orodha za mahudhurio zenye sahihi. Yeye hana hata moja; ile ya siku ya kwanza hakuitunza.

Sosthenes alimpa ushauri wa fasta: wakae jioni moja wajaze karatasi za miaka yote, na kalamu wawe wanabadilisha. Eveline akakataa katakata.

"Niingie kazi ya kulea vijana kwa uongo nilioandika na vijana haohao? Hapana. Nitapeleka moja, ya leo, ya kweli."

Saa tano kasoro, kuni zimekwisha. Sufuria ya viazi inatoka jikoni. Eveline anaweka karatasi juu ya kigoda, anaeleza mara mbili kwamba ni ya usaili, haina posho. Wanasaini mmoja mmoja, naye anasaini. Bibi Bertha anadai haki yake.

"Mimi sikuwepo? Viazi vimejimenya vyenyewe?"

Wino hakuna. Anapaka dole gumba masizi ya sufuria na kulibonyeza kwenye mstari wa kumi na nane.

Viazi vinaisha, na hakuna anayeondoka.

Wamesimama uani, mikono mifukoni. Eveline anakunja karatasi, anaikunjua, anaikunja tena. Mwandishi naye, kusema kweli, anatazama pembeni kwa aibu.

"Jamani, vipi?" anauliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Vipi nini, dada?" anasema Sosthenes. "Si tunakusubiri wewe. Jumamosi ijayo tunaenda kwa nani?"

Kila wiki huwa anawatangazia kabla ya kula. Leo, kwa hofu ya karatasi, amesahau. Eveline anacheka huku akijifuta macho kwa kiganja.

"Kwa Babu Fanueli. Paa linavuja. Mje na nyundo."

"Haya, ulikuwa unatuweka tu kwenye baridi," anasema Sosthenes, na wote wanatawanyika.

Akipata nafasi hiyo, Eveline anataka kuanzisha Jumamosi kama hizi kwenye vijiji vingine vya Mufindi, kisha avuke hadi Madibira, nje ya wilaya. Asipoipata, Alhamisi ataamkia chai kama kawaida. Anaitia karatasi kwenye mkoba na kuupiga kofi kidogo.

"Wakiniuliza karatasi za miaka mitatu ziko wapi," anasema, "nitawaambia waje Jumamosi kwa Babu Fanueli. Nyundo tutawaazima."