Mtaalamu wa Sokwe na Samaki wa Ggaba

Jamani, mtaalamu wetu wa wanyamapori leo kanyang'anywa samaki na ndege!

Rafiki yangu Wafula karudi juzi baada ya kujitolea mwezi mzima kwenye kituo cha sokwe, ndani kabisa msituni. Tangu arudi, hatupumui kwa mahubiri yake: "Mnyama ukimtazama machoni, anakuheshimu."

Leo tuko sokoni Ggaba, kavaa fulana yenye picha ya sokwe. Likaja kalooli, lile korongo kubwa linalokula taka jalalani.

Wafula akalitazama machoni.

Likanyakua samaki wake mkononi. Yeye akakimbilia nyuma ya mama muuza samaki!

Mama akalifukuza kwa kandambili, kisha akaiangalia ile fulana.

"Wewe si mtu ya wanyama?"

"Mama, mimi kule kwa sokwe nilikuwa jikoni. Naosha ndizi."

Nyote mliohubiriwa naye, njooni hapa tucheke pamoja.