Beseni la Kuazima la Kanisa Letu

Kanisa letu lilinuka mbata. Sisemi kwa ubaya, ndivyo lilivyokuwa: lilikuwa ghala la nazi kavu la Bi Mwanaisha, jirani yetu pale Kilindoni, na hata magunia yalipoondolewa, moshi na mafuta vilibaki ukutani. Jumatatu shuleni nywele zangu zilikuwa bado zinanukia. Wenzangu, karibu wote Waislamu, waliniuliza sisi ni Wakristo wa namna gani, nami nikainua kidevu: "Wamenonaiti." Wazazi wangu walihamishiwa Mafia kutoka Musoma, Baba mwalimu na Mama muuguzi, wakawakuta watu wachache wa kwao, wakaanza kusali nao sebuleni kwetu, mpaka Bi Mwanaisha alipowahurumia. Kinanda hatukuwa nacho wala hatukukitaka. Tuliimba kwa sauti nne, vinywa vitupu. Mama aliongoza sauti ya kwanza, Mama Bhoke, fundi cherehani, aliongoza ya pili, na wapita njia walisimama kutusikiliza. Nilijiona mtoto wa watu wakubwa.

Nilipokuwa darasa la nne, wawili hao waligombana. Mama alimkatiza Mama Bhoke katikati ya wimbo, mbele ya watu, akamwambia amepotea sauti. Tangu siku hiyo Mama Bhoke akawa anakaa nyuma kabisa, mdomo kaufunga. Nyimbo zetu zikapwaya. Kwetu ugomvi wa namna hiyo haukuwa wa wawili tu. Kabla ya Meza ya Bwana tunatawadhana miguu, na asiyepatana na mwenzake hagusi mkate. Kwa uchache wetu, wawili wakikwama tumekwama sote. Mchungaji alikuja kwa boti kutoka Dar es Salaam, akangoja, akarudi na mkate wake. Safari iliyofuata alisema wazi kwamba wakubwa wa kanisa wamechoka: meza isipoandaliwa leo, kundi lifungwe, twende tukasali na wengine. Ningewaambia nini wenzangu shuleni, baada ya majigambo yote yale?

Beseni la bati lenye maua mekundu, tuliloazima kwa Bi Mwanaisha, liliwekwa katikati, likajazwa maji. Hakuna aliyeinuka. Mama alitazama dari, Mama Bhoke alitazama mlango. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha mnazi kikahama dirishani, ndipo tukasikia sauti ya Bi Mwanaisha nje, akimwita Mama kwa jina langu.

"Hodi jamani! Mama Rebeka, mmeshamaliza na beseni langu? Nina nguo za watoto za kuloweka, na jua ndo hilo linakwenda."

"Bado, mama," mchungaji alijibu. "Hatujaanza."

"Hamjaanza! Tangu asubuhi mnalitazama tu?"

Mama Bhoke ndiye aliyeanza kucheka, kile kicheko chake kizito, na Mama akashindwa kujizuia. Akalivuta beseni hadi nyuma, akapiga magoti. "Mwenzangu, nilikukosea mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu."

Mama Bhoke alivua kandambili. "Yamekwisha. Osha upesi, mwenye beseni anangoja."

Bi Mwanaisha alikaa kizingitini akangoja kweli, mpaka mguu wa mwisho. Tulipoimba, sauti ya pili ilirudi mahali pake, nami nililia kwa furaha bila kujificha.

Leo kanisa lina kuta za matofali na paa la bati, na harufu ya mbata imebaki kwetu tulioijua. Watoto waliozaliwa hapahapa kisiwani ndio wanaoongoza sauti zote nne, na sioni haya kusema wanatushinda. Mwaka jana nilikwenda na binti yangu kwenye Meza ya Bwana. Kabatini niliona sahani, vikombe, vitambaa vyeupe, kila kitu isipokuwa beseni. Nikamwambia Mama, ambaye sasa anatembea na mkongojo, kwamba nitanunua hata matano. Alinitazama kama niliyesema upuuzi, kisha akamwita mjukuu wake.

"Nenda hapo jirani kwa binti wa Bi Mwanaisha. Msalimie, mwambie tunaazima beseni. Na akilitaka, aje mwenyewe kulidai."