Lango Lililoota Majani

Niling'oa miti ya mpaka ya shamba la mama yangu. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimelificha katikati ya maneno mengine. Niliing'oa yote kumi na miwili, mchana kweupe, nikipiga mluzi, kwa sababu ilikuwa imenyooka kuliko miti mingine yoyote kwenye kilima chetu cha Masisi, na kwa sababu nilikuwa arshitekte.

Najua watu huandika kumbukumbu wakishaota mvi. Mimi nina miaka kumi na sita na bado nakalia benchi la shule ya misheni, lakini sioni faida ya kungoja. Mzee akikumbuka utoto wake hukuta kwamba alikuwa na akili tangu zamani. Mimi nakumbuka mambo ya mwaka jana, na mashahidi wote wako hai, na wengine wananiamkia kila asubuhi huku wakicheka.

Ugonjwa wa kuchora niliupata kwa Frère mmoja, bruda wa misheni, aliyekuwa anajenga darasa jipya. Alikuwa na karatasi kubwa ya buluu aliyoiita plani. Wengine walimsaidia kubeba matofali. Mimi nilimsaidia kuishika karatasi isipeperuke, na kwa kuwa upepo wa kwetu hauna adabu, niliishika mwezi mzima. Humo niliona nyumba isiyo na paa, imetazamwa kutoka juu, kama mwewe anavyotazama jiko la mtu. Nikajua kazi yangu ni hiyo: kutazama jiko la mtu kutoka juu. Frère akaniambia kwamba mwenye kuchora plani anaitwa arshitekte, na kwamba arshitekte habebi matofali. Hapo hakuhitaji kuongeza neno.

Tangu siku ile nilikataa kuitwa mutoto. Papa alikuwa Walikale, kwenye machimbo ya bati, kwa hiyo mwanaume wa nyumba nilikuwa mimi, na mwanaume mwenyewe alikuwa na penseli. Mama akinituma maji nilimjibu, "Mama, niko kwa kazi ya plani." Mama alikuwa anajibu kwa mwiko, nami nikaenda kuteka maji, lakini kama arshitekte.

Sasa ikafika habari kwamba Bwana Mukubwa wa teritwari, mkuu wa serikali wa eneo letu lote, atapita kwenye barabara yetu. Kapita wa barabara, msimamizi wa wachimbaji wake, ambaye shamba lake limepakana na letu, akapewa amri ya kusimamisha lango la makaribisho. Malango hayo kila mtu anayajua: unakata migomba miwili, unaisimamisha huku na huku, unafunga majani juu, unatia maua. Siku ya pili linanyauka, siku ya tatu linaangukia mtu.

Kapita alikuja mwenyewe nyumbani. Mama hakuwepo. Papa alikuwa ameumia mguu kule Walikale, na Mama alikuwa ameshika njia ya msituni kwa miguu, na kikapu cha unga na maharagwe, kwenda kumuuguza. Aliniachia mbuzi, kuku, wadogo zangu wawili na shamba. Shamba lilikuwa tupu, maharagwe yamekwisha kuvunwa, limelala likingoja mvua.

"Papa arshitekte iko?" kapita akauliza mlangoni.

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniita hivyo. Nilitoka kabla hajamaliza.

"Batu banasema weye njo fundi wa plani," akasema. "Mi sitaki migomba. Bwana Mukubwa ameona migomba mpaka amechoka. Nataka kitu yenye itasimama."

Nikamwambia aniache nifikiri. Nilifikiri kwa muda wa kutosha kuonekana nafikiri, kisha nikachora mchangani: nguzo tatu upande huu wa barabara, tatu upande ule, na juu yake upinde wa mianzi, na kwenye upinde vibuyu na mikebe mitupu ya misheni, ili upepo ukipita lango lote lilie. Kapita aliitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Na nguzo utatoa wapi?"

Hapo ndipo nilipotazama shamba na kuona ile miti ya mpaka, mirefu, myembamba, imesimama mustari mmoja kati yetu na yeye. Kila mtu kwetu anaijua. Ukikata kipande chake na kukichomeka, hata kichwa chini, kinaota. Kwa sababu hiyo inapandwa mipakani, na kwa sababu hiyo hakuna muntu mwenye akili anayeigusa. Mimi niliona tu kwamba imenyooka, na kwamba ni ya kwetu, basi si wizi.

"Ile," nikasema.

Kapita aliitazama. Alitazama pia njia ya Walikale. "Weye njo mwenye nyumba," akasema polepole. "Mi nitakatala aje?"

Tulifanya kazi siku nzima. Nilipima kwa kamba kama Frère, na kapita mwenyewe akanishikia ncha ya pili. Yeye ndiye aliyechagua pa kusimamisha lango: si penye mpaka unapogusa barabara, ila hatua nyingi mbele, pale barabara inapopita chini ya shamba letu, kwa sababu, alisema, kutoka pale Bwana Mukubwa ataliona tangu kwenye kona. Nguzo sita zilipokwisha kusimama, zikabaki sita.

"Usizitupe," akasema. "Zipange mustari kutoka kwa lango, zipande juu shambani mpaka kwa lile jiwe la mwisho. Utafunga maua juu yake. Itapendeza sana, Papa arshitekte."

Nilikubali kwamba itapendeza. Akashika kamba tena, akaivuta vizuri, nikachomeka, nyingine kichwa chini bila kutazama.

Siku yenyewe watu walijipanga tangu asubuhi. Motokari ilipotokea kwenye kona, dereva aliona nguzo na mianzi, akadhani ni barieri, kizuizi cha barabara, akasimama. Bwana Mukubwa ikabidi ashuke. Alitazama vibuyu. Alitazama mikebe, ambayo siku hiyo haikulia kwa sababu upepo ulikuwa umeenda kwingine. Akasema, "Bien," yaani vizuri, akapanda motokari, akaondoka. Kapita alitutafsiria lile neno kwa muda mrefu kuliko ziara yenyewe. Tulielewa kwamba Serikali imefurahi, kwamba barabara yetu ni mfano, na kwamba vijana wa kilima hiki wataenda mbali. Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda. Jumapili ile kanisani niliketi upande wa wanaume.

Kisha mvua ikaja, na lango langu likaota majani. Nguzo zote sita, na zile sita za mustari. Nilimwita mwalimu aje kuona. Nilimweleza kwamba Wazungu wanajenga majumba makubwa, lakini anionyeshe moja tu lililowahi kuota. Mwalimu alitazama nguzo, akatazama shamba, akaniuliza Mama anarudi lini.

Mama alirudi juma lile. Mguu wa Papa ulikuwa unapona. Alitua kikapu, akatazama shamba lake, na alichokiona ni muke wa kapita akilima nusu yake. Alikuwa amefika hadi kwenye mustari wangu, kwa utaratibu kabisa, hakuvuka hata kwa jembe moja.

"Mama, unalima wapi?" Mama akamuuliza.

"Kwetu," yule mama akajibu. "Mpaka njo ule. Hauone umeota?"

Mama akageuka kunitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko, na hata leo sijui alijuaje kwamba nipo pale.

Nusu ya shamba ni nusu ya chakula. Hilo halitaki plani. Tulikuwa wanne nyumbani, na Papa akituma kitu, kilipitia mikono mingi kabla ya kutufikia. Siku zile ardhi ilikuwa inapimwapimwa kila upande, watu wanalala na mpaka huu wanaamka na ule, na mwanamke ambaye mume wake yuko mbali hana sauti ndefu. Mama hakunipiga. Akaenda kuwaita wazee wa baraza. Usiku ule wadogo zangu walikula, mimi nikaambiwa nile kesho.

Wazee watatu walikuja asubuhi, wakakaa penye shamba lenyewe. Kapita alisema vizuri. Ukimsikiliza ungedhani amesoma kuliko mimi.

"Mpaka unapandwaje, Bapapa? Jirani mumoja anashika kamba, jirani wa pili anachomeka muti. Batu babili. Mi nilishika, huyu alichomeka. Muti umekubali, umeota. Muti hausemi bongo, muti haudanganye."

Wazee waliguna. Kwetu njo sheria hiyo, haina nyingine. Nilipokuwa nikivutiwa kamba nilidhani napima lango. Kumbe nilikuwa nakata shamba la mama yangu, na shahidi wangu alikuwa ndiye anayelichukua. Nasema kwa unyenyekevu wote kwamba siku ile penye barabara palikuwa na arshitekte mmoja tu, na hakuwa mimi.

Mzee wa katikati, mwenye koti la kijeshi lisilo na vifungo, akanielekezea fimbo.

"Weye. Ulichomeka hii miti kama nani?"

Nilifungua mdomo kusema kama arshitekte. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, na nyuma ya wazee walikuwepo wanafunzi wenzangu wote, na wasichana wawili ambao kwa ajili yao nilikuwa nimechana nywele. Mama akakohoa kidogo.

"Kama mwanaume wa nyumba," kapita akanijibia. "Mwenyewe ananiambia kila siku. Anakatala kuitwa mutoto. Muulize kilima muzima."

"Kama ni mwanaume wa nyumba, mpaka ni mpaka," mzee akasema. "Kama ni mutoto, mutoto hapandi mpaka. Alikuwa anacheza tu. Uko nani?"

Nilitazama lango langu. Upepo, ambao siku ya Bwana Mukubwa ulikosekana, ulikuwa umefika, na mikebe ikalia vizuri sana.

"Niko mutoto," nikasema.

"Sema kwa nguvu, huyu mzee wa huku hasikii."

"Niko mutoto. Nilikuwa ninacheza."

Wenzangu walicheka hadi mmoja akakaa chini. Kapita hakucheka. "Anadanganya," akasema. "Bwana Mukubwa mwenyewe alisema bien."

"Bwana Mukubwa hakai hapa," mzee akasema. "Kijana, uko na kazi zingine ulifanya? Tuonyeshe. Kazi ya muntu inamwonyesha muntu."

Ndivyo yalivyofanyika maonyesho yangu ya kwanza. Tulipanda nyumbani, wazee mbele, kapita nyuma yao, kilima kizima nyuma ya kapita.

Nilianza na nyumba ya kuku, ya etaji, yaani ghorofa. Paa nilikuwa nimeliezeka kwa majani mapana ya mangungu ambayo Papa aliyaleta kutoka Walikale, ambako watu wa msituni wanaezekea nayo nyumba nzima na wanalala wakavu. Mbuzi wetu wa Masisi walikuwa hawajawahi kuona jani la namna ile. Walilila paa kwa siku mbili. Mzee akauliza kuku wanapandaje etaji. Nikamwonyesha ngazi. Akauliza kama kuna kuku aliyewahi kuipanda. Nikasema bado.

Kazi ya pili ilikuwa choo chenye dirisha kubwa kuelekea bondeni, ili mtu akikaa aone mandhari. Mzee asiyesikia aliingia, akakaa, akatutazama sote kupitia dirishani, nasi tukamtazama. Akatoka.

Ya tatu ilikuwa kiti cha kukunja nilichomtengenezea mukatekista, mwalimu wetu wa dini, kama zawadi, ambacho alikirudisha siku ileile. Mzee wa koti alitaka kukijaribu. Nikamwambia, "Papa, tafazali, hapana." Alikaa. Kiti kilijikunja naye akiwa ndani, taratibu, kama kitabu kinavyofungwa, na ilibidi kapita na mimi tumvute, kila mmoja mkono wake.

Alipokwisha kujipangusa hakumuuliza mtu mwingine swali lolote.

"Ni mutoto," akasema. "Naapa."

Tukarudi shambani. Wazee wakaamuru pachimbwe pale ambapo Mama alisema mpaka wa zamani ulipita, kwa sababu chini ya kila mti wa mpaka watu wa kwetu huzika makaa, na makaa hayaozi. Shimo la kwanza tulitoa makaa. La pili tulitoa makaa. Kapita akasema inatosha, asingependa kuwachosha wazee, na kwamba yeye tangu mwanzo alitaka tu jambo lijulikane. Alitozwa mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, akautoa bila kununa, akanywa pamoja na wazee.

Mimi niliamriwa kuing'oa miti yote kumi na miwili na kuirudisha kwenye mashimo yake, majani yakiwa juu safari hii, Mama akishika ncha moja ya kamba na kapita nyingine. Lango lilibomolewa kabla ya saa sita. Vibuyu wadogo zangu walivichukua. Ile nusu ya shamba ilikuwa imekwisha kulimwa vizuri na muke wa kapita, na hakuna aliyemrudishia jasho lake.

Watu walipotawanyika nilikaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimejikana mbele ya kilima kizima, na wale wasichana wawili, na nilidhani kwamba mzazi yeyote angekuwa na neno la kumpa mtoto kama huyo. Mama alisimama akitazama udongo mweusi uliopinduliwa, akatoa mbegu za maharagwe kwenye pembe ya kitenge, akazihesabu kwa macho. Kisha akasema:

"Mutoto hapandi mpaka, bazee bamesema. Lakini maharagwe anapanda. Kamata jembe."