Dakika Kumi na Tano za Bibi wa Japani

Kijapani nilijifunza nikiwa na kikapu mgongoni. Darasa lilikuwa Jumamosi peke yake, mjini Kericho, na siku ya kwanza mwalimu alituonya kwamba lugha ya darasani hufia mlangoni. Tukitaka kuongea kweli, tuitafute nje. Nje kwangu ni Mogogosiek, majani ya chai mpaka macho yachoke. Basi sikio moja nikaliachia simu. Nilichuma huku nikihesabu ichi, ni, san. Nilifuata video za watu wakinunua samaki, wakiulizana njia ya stesheni, nikawajibu kwa sauti kama tuko pamoja. Mama, kwenye mstari wa pembeni, alizoea. Jirani yetu hakuzoea.

"Huyu mtoto wako anaongea na majani," alimwambia mama. "Mpelekeni aombewe."

Nilitaka kwenda Japani kutunza wazee. Nilishajiona nimevaa sare safi, namsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu, theluji inaanguka dirishani. Alama zangu za kidato cha nne nilikuwa nazionea haya, lakini ndoto haiombi cheti.

Ndipo nikapata mtandao wa kubadilishana lugha. Unaandika lugha unayojua na ile unayotaka, nao wanakutafutia mtu. Mimi nilipata bibi mmoja mjane, nikamwita obaasan, jina wanalomwitia bibi huko kwao. Makubaliano yalikuwa rahisi: nusu saa, dakika kumi na tano za Kijapani kwangu, kumi na tano za Kiswahili kwake. Saa nane mchana yetu kwake ilikuwa saa mbili usiku, ameshakula, ameosha vyombo.

Alinieleza polepole, akirudia mpaka nikaelewa, kwa nini anataka Kiswahili. Mwanawe alioa Mkenya. Mwana akafariki, mke akarudi kwao Nakuru na binti wa miaka mitatu. Sasa mtoto alikuwa anakaribia kutimiza sita, na Kijapani kilikuwa kimemtoka chote. Siku yake ya kuzaliwa angempigia bibi simu. Bibi alitaka siku hiyo waongee wao wawili tu, bila mama wa mtoto kutafsiri katikati. Tulikuwa na miezi mitatu.

Niliguswa, tena sana. Nikamfundisha "habari yako" na "mimi ni bibi yako," tukacheka alivyokazana. Halafu mtihani wangu wa Kijapani, ule wa kunifungulia njia ya Japani, ukaanza kukaribia.

"Obaasan, samahani, niongezee dakika tano tu."

"Daijobu," alisema. Hakuna shida.

Tano zikawa kumi, kumi zikawa nusu saa yote. Alinirekebisha, akanipa picha nizieleze, akajifanya mgonjwa ili nimhudumie kwa Kijapani. Mwishoni angeuliza kwa upole, "Na Kiswahili?"

"Wiki ijayo, obaasan."

Kwetu majani tunachuma kwa zamu, nyumba tatu pamoja. Leo wote wako shambani kwetu, kesho kutwa kwa jirani. Ukichumiwa, nawe unachuma. Siku moja tukiwa kwa jirani, mama aliniuliza bila kuinua macho:

"Weri, huyo bibi yako zamu yake ni lini?"

"Zamu gani, mama?"

"Ulisema nusu yako, nusu yake. Kijapani sijui, lakini Kiswahili nakijua nikikisikia. Hapo kwa simu sijakisikia siku nyingi."

"Mtihani uko karibu. Na yeye mwenyewe amesema hakuna shida."

"Hata mimi, jirani akikosa kuja kwangu, namwambia hakuna shida." Akatupa majani kikapuni. "Na eti unaenda kutunza wazee!"

Watu walicheka. Nilicheka pia, kisha nikahamia mstari wa mbali na simu yangu.

Mtihani nilipita. Nilimpigia bibi nikiwa karibu kuruka, naye akanipigia makofi mbele ya kamera, kweli kweli, mpaka miwani ikamteleza. Nikamwambia, sasa ni Kiswahili peke yake, mpaka siku ya mtoto.

"Ilikuwa Jumanne," alisema.

Mtoto alipiga. Bibi akasema habari yako. Mtoto akaeleza kitu kirefu, akauliza kitu, akauliza tena. Bibi akatafuta neno, akakosa, akasema mimi ni bibi yako. Mtoto akajibu neno moja, akampa mama yake simu.

Bibi alikuwa ameliandika lile neno kwenye karatasi. Aliisogeza karibu na kamera. "Hili, 'najua', maana yake nini?"

Nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa mara mbili, akaniuliza kama nimeshawaambia wazazi habari njema.

Sasa dakika zote thelathini ni zake. Nilimwuliza mtoto atapiga tena lini, akasema labda siku ya kuzaliwa inayokuja. Mama hukaa karibu nami, ndiye anayenitajia vitu ambavyo bibi humwuliza mjukuu. Umekula nini? Nani amekusuka? Meno yameng'oka mangapi? Hilo la meno bibi analipenda, analirudia taratibu mpaka linatoka safi. Mimi namwambia vizuri sana, obaasan, na sijapata moyo wa kumwambia kwamba mpaka simu hiyo ije, huenda mtoto atakuwa ameshaota mengine.