Sahani Kumi na Moja

Barua iliingia kwenye simu ya mwanangu Ijumaa alasiri, akiwa bado amevaa sare ya hospitali. Aliisoma kimya, akairudia, kisha akailaza simu mezani kifudifudi.

“Mama,” akasema, “juzi ulikwenda wapi?”

“Peckham.”

“Kufanya nini?”

“Kupeleka futari.”

“Kwa nani?”

Nikamtajia. Niliwataja wote, mmoja mmoja, jina na nambari ya mlango, kwani mie skuli niliishia darasa la tatu, lakini jina likishaingia masikioni mwangu halitoki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Basi wanasema umewahonga.”

Nilikaa kitako. Neno hilo nalijua tangu utotoni, ila siku zote nililijua kwa watu wengine.

Majina yenyewe sitayaandika hapa. Mwanangu kaniomba, nami nimekubali. Lakini nyumba lazima niieleze, maana mwenyewe nilichukua muda kuielewa. Ni jengo la ushirika, huko Peckham, hapa London, ghorofa nne, milango kumi na miwili. Hakuna mwenye nyumba. Wanaokaa ndani ndio wenyewe, wote kwa pamoja, na anayetaka kuingia hanunui kuta, ananunua hisa. Wana zamu za kufagia ngazi na kutoa mapipa ya taka. Mlango mmoja ulikuwa mtupu, na huo ndio mwanangu aliokuwa akiutaka. Ila kabla hujauziwa, watu wa ile milango kumi na mmoja wanakutana, wanakuangalia, halafu wanapiga kura kama wanakutaka ama hawakutaki.

Aliponieleza hayo mara ya kwanza nilidhani ananichezea. Kwetu nikitaka nyumba namtafuta mwenye nyumba, naleta mashahidi, yamekwisha. Watu hukaa kitako kuulizia tabia za mtu anapokuja kuposa.

“Sasa hii ni nyumba au posa?” nikamuuliza.

“Vyote viwili,” akasema akicheka. “Na wewe ndiye mama wa bwana harusi, basi kaa kwa adabu.”

Yeye alisema kwa mzaha. Mie nikalibeba neno kama lilivyo. Nani anakwenda kuposa mikono mitupu?

Tulikuwa tunakaa Croydon, nyumba ya kupanga, ya tano. Kila tukizoea, mwenye nyumba anataka kuuza, au anataka kumweka mtoto wake, nasi tunafunga mizigo. Mjukuu wangu wa kike, ana miaka kumi na miwili, alikuwa na boksi la vitabu ambalo tangu nyumba ya tatu hakulifungua tena. Nilimuuliza mbona. Akanijibu kwa Kizungu, kama kawaida yake, kwamba hakuna faida, tutalifunga tena. Hakulalamika. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo ndilo lililoniuma. Peckham hakungekuwa na mtu wa kututoa.

Siku ya kwenda kuitazama, mtaa ulikuwa unachemka. Mihogo na ndizi mbichi mpaka barabarani, samaki wamelala juu ya barafu, mhubiri na kipaza sauti chake, milango ya saluni wazi na wanawake wanasukwa wakicheka. Nilisema moyoni, hapa naweza kufa kwa raha. Ndani, kila niliyepishana naye ngazini nilimuuliza jina, na ambaye hakuwepo niliuliza jina lake kwa jirani yake. Mwanangu akanivuta kanga. “Mama, watu wa hapa hawapendi kuulizwaulizwa.” Mbona walinijibu wote.

Basi Jumatano, mwanangu yuko kazini, na kura ni Jumapili, mwezi wenyewe Ramadhani, nikaingia jikoni. Nilipika katlesi, sambusa, na mkate wa kumimina. Nikapanga kwenye sahani zangu za kigae, zile nzuri, kumi na moja, nikazifunika na kuzitia kwenye kitoroli cha sokoni. Mjukuu alipotoka skuli tukapanda treni. Milango kumi ilifunguka kwa mshangao na ikafungwa kwa tabasamu. Wa kumi na moja, mzee mmoja wa ghorofa ya chini, mrefu, mweupe wa nywele na wa ngozi, alitazama sahani, akanitazama mimi, akasema asante, hapana. Mlango ukafungwa. Sijapata kurudishiwa futari mlangoni tangu nizaliwe. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimepakata ile sahani kama mtoto mgonjwa.

Hilo nililiona ndilo pigo. Kumbe pigo lilikuwa linakuja na simu.

Jumapili tulikwenda, mwanangu hasemi na mimi ila yanayolazimu. Tulikaa kwenye chumba cha chini wanachofanyia mikutano, viti vimepangwa duara. Mwenyekiti wao, mama mmoja wa makamo, alikuwa na karatasi ya kanuni mkononi. Aliuliza nani alipokea chakula. Mikono kumi ikapanda juu.

Kijana wa ghorofa ya tatu akauliza, “Hata kama nilikula sambusa moja tu?”

“Ulikula sita,” akasema mkewe.

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akasoma kwamba aliyepokea kitu kwa mwombaji hapigi kura juu ya mwombaji huyo. Mwanangu akanifasiria polepole, nami nikahesabu viti. Kura ilikuwa imebaki moja. Yule mzee wa chini.

Nyumba ya mwanangu, boksi la mjukuu wangu, vyote vimekaa kwenye mapaja ya mtu pekee asiyekitaka chakula changu, na aliyeviweka hapo ni mimi.

Mzee akanigeukia. Aliuliza kwa nini nilileta. Nikasema kwetu mwezi huu sahani inakwenda kwa jirani, ndiyo desturi, na uliyegombana naye ndiye unayempelekea kwanza. Na sahani ikirudi hairudi tupu, hata kama ni ndimu mbili. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, “Lakini sisi hatujawa majirani zako.”

Mwanangu alinifasiria hilo kwa sauti ndogo. Nilitafuta jibu, na nililolikuta halikunipendeza. Kweli hawakuwa majirani. Pale Croydon tulipokuwa tunakaa nilikuwa na majirani wa kweli juu na chini, na Ramadhani ile hakuna hata mmoja aliyeonja mkono wangu. Nilikuwa nimewaruka wote, nikapanda treni.

“Mwambie,” nikasema, “nilitaka watupende kabla ya kupiga kura. Mwambie barua yao haikuwa uongo mtupu.”

Mwanangu aliniangalia. Akawageukia, akasema maneno ya Kizungu. Kizungu changu ni cha dukani, lakini nilijua hayakuwa hayo. Yalikuwa na desturi tena, na utamaduni, na kutokuelewana.

Hapo mjukuu wangu, ambaye tangu tufike alikuwa ameinamia viatu vyake, akanyanyua kichwa. “Bibi hakusema hivyo,” akawaambia, kwa Kizungu chao. Akawafasiria nilivyosema, neno kwa neno. Sikujua kama Kiswahili changu kinamfikia hivyo. Miaka yote namsemesha, ananijibu kwa lugha nyingine, nami nadhani nusu yake inaanguka njiani.

Mwanangu alifumba macho.

Mzee akakuna kidevu. Akasema sahani ile aliikataa kwa sababu ilinukia vizuri mno, na alijijua, angeila na angeona haya kutukatalia. Halafu akasema mtu mmoja hawezi kuamulia nyumba ya watu wote. Akaomba kura isogezwe mwezi mmoja mbele, wapige wote, kwa karatasi za kukunja, na katika mwezi huo mama huyu asilete hata tende.

Wakakubaliana. Tulipokuwa tunatoka wakanirudishia sahani zangu. Zote kumi zilikuwa zimeoshwa zinang’aa, na zote zilikuwa tupu. Nilizipokea, nikashukuru.

Mwezi ule sikukanyaga Peckham. Mwanangu alipika sikukuu nzima yeye mwenyewe, mie nikaruhusiwa kumenya vitunguu. Sahani nilizipeleka juu na chini pale Croydon, kwa majirani niliokuwa nimewaruka, na hizo zilipokelewa bila mkutano.

Siku ya kura hatukuitwa. Ilikuja barua nyingine kwenye simu, na safari hii mwanangu aliisoma kwa sauti. Tisa wametukubali, wawili wametukataa.

“Nani hao wawili?” nikauliza.

“Mama, ni siri. Hakuna anayejua.”

Hilo lilinishtua kuliko yote. Kwetu anayekukataa unamjua, na watoto wake wanajua, na mtaa unajua, mpaka mpatane. Hapa mtu amekukataa, na kesho yake anakushikia mlango uingize godoro.

Tumehamia. Mjukuu alilifungua boksi lake siku ya pili, akavipanga vitabu dirishani kwa kuwa rafu hatuna bado. Zamu yetu ya ngazi ni Jumanne, nami ndiye ninayefagia. Kila anayepita namsalimu kwa jina lake, namtazama usoni, namwuliza hali ya watoto wake, nao nawataja kwa majina. Dalili ya hao wawili sijaiona kwenye uso wa mtu yeyote.

Na Ijumaa nikipika, natoa sahani kumi na moja. Mbili kati ya hizo ndizo ambazo ningetakiwa kuzipeleka kwanza. Basi naanzia mlango wowote.