Chai ya Matangani

Mume wangu alikuwa na kisukari, na kila mwezi tulitoka mtaani kwetu Mangateen kwenda kliniki moja kule mtaa wa Thongpiny. Muuguzi wake, mama wa Uganda, alikuwa na kompyuta yenye programu ya kuigiza mwili wa mgonjwa. Anaingiza uzito, chakula na insulini, nayo inachora jinsi sukari itakavyopanda na kushuka. Mume wangu alimwita huyo wa kwenye kompyuta "mwenzangu".

Mwenzake alikuwa sawa jioni zote. Yeye, jioni kadhaa daftari letu la vipimo na chakula lilionyesha sukari iko juu sana. Daktari akataka insulini iongezwe. Muuguzi akaijaribu kwanza kwa yule mwenzake. Mstari ukashuka, na kufikia alfajiri ulikuwa chini ya alama ya hatari.

"Mzee, mimi iko naogopa," akasema. "Hii dawa inaweza kukuangusha usingizini. Unakula kitu gani mama hajaandika?"

"Hakuna."

Na mimi nikasema hakuna. Tuliamini hivyo.

Akafungua daftari kwenye siku zenye sukari ya juu. "Jumanne mchana ulikuwa wapi?"

"Matangani."

"Na juzi?"

"Matangani."

"Ulikunywa nini huko?"

"Chai tu."

Chai ya matangani huja imeshatiwa sukari nyingi, na hakuna anayeikataa mbele ya wafiwa. Kwetu hicho si chakula, ni pole. Daftari nilishika mimi, na sikuwahi kuiandika.

Muuguzi akaingiza vikombe vitatu. Mstari ukapanda hadi karibu na vipimo vyetu.

Mume wangu akautazama. "Kumbe kwao huyu mwenzangu hakuna anayekufa," akasema. Muuguzi akacheka mpaka akavua miwani.

Insulini haikuongezwa. Kuanzia hapo nilimfungia chai isiyo na sukari kwenye chupa, aende nayo matangani.

"Shemeji, mke wako anafikiri tutakutilia sumu?" walimchokoza.

"Hapana. Anaogopa nitawamalizia sukari."

Sukari yake ikatulia. Alikufa mwaka jana kwa ugonjwa wa kifua. Nasema hivyo kwa sababu watu huuliza kama ni sukari.

Siku ya matanga yake niliinuka kwenye mkeka, ingawa mfiwa hatarajiwi kuinuka, nikawaambia wanawake sufuria moja isitiwe sukari.

"Dada, watu watasema tumeishiwa."

"Waache waseme."

Wazee watatu walikuja kuchota kwenye sufuria hiyo. Mmoja alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye hakuwa amemwambia mtu yeyote kuwa naye ana kisukari. Nilimjazia kikombe mwenyewe, wala sikumuuliza kitu.