Karatasi ya Vina Mfukoni mwa Idarus

Bi Mwanatumu wa Langoni hakumwamini muuza samaki anayeapa kabla hajaulizwa, wala kijana anayeanza ghafla kujifulia nguo. Kwa hiyo mwanawe Idarus alipomwambia asihangaike na shati la kazini, atalifua mwenyewe, alimngoja atoke kwenda msikitini. Kisha akalichukua shati, akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, na alikuwa mtunzi. Amu, mji wake, ilipotaka beti za harusi, za kumpokea hujaji au za kumsuta mtu bila kumtaja jina, iliujua mlango wake. Hakuwa akiandika. Alitunga huku akipepeta mchele, na mchele ulipotakata, beti nazo zilikuwa tayari. Mwana alikuwa naye mmoja tu, huyo Idarus wa miaka ishirini na sita, mpokea wageni katika hoteli ndogo huko Shela. Vijana watatu wa mtaani walikuwa wameshaolewa, maana yeye hakuona neno jingine la kulitumia, na mabibi wa Kizungu waliowapita umri mara mbili. Walileta picha wakiwa wamevaa makoti mazito, baadaye hata picha zikakoma. Bi Mwanatumu aliogopa wa nne asiwe wake.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Lugha hiyo hakuijua, lakini alichokiona alikijua vizuri mno. Juu palikuwa na neno moja lililopigiwa mstari mara mbili. Chini yake maneno yamepangwa kama ngazi, kisha mstari, kisha ngazi nyingine. Hapa kuna mtu anatafuta vina. Na mtu hatafuti vina bure, ana wa kumtungia.

Katika jambo hili alikuwa na imani yake mwenyewe, kwamba ukiviona vina vya mtu kabla hajatunga, umeshamwona moyoni. Mwaka juzi alisikia kuwa Bi Khairiya, mtunzi mwenzake wa Mkomani, anaulizia maneno yanayoishia kwa "zo". Akanusa kuwa anaundiwa shairi la kusutwa, akawahi kumsuta yeye kwanza, na ikaja kujulikana kuwa alinusa sawa. Tangu siku hiyo hakuwa mtu wa kushuku tu. Alikuwa mtu mwenye uhakika na shaka zake, na ugonjwa huo hauna dawa.

Akavuka uchochoro hadi kwa Edah, mwalimu wa Kiingereza kutoka bara aliyepanga chumba nyumba ya pili. Alimwambia kaiokota karatasi hiyo ndiani. Edah akasoma, akatabasamu, akasema neno la juu, "home", ni nyumbani. Yaliyofuata yanalingana nalo kwa sauti: "foam", povu la bahari, "roam", kutangatanga, "comb", kitana. Bi Mwanatumu aliyarudia moja moja, sikio lake likakubali. Ila hilo la kitana halikumpendeza alipoambiwa lina herufi mwishoni isiyotamkwa. Kitu kinachokaa kimya ndani ya neno alikitilia shaka.

Akauliza ya chini ya mstari. Hayo, Edah akaeleza, ni "alone", peke yake, "stone", jiwe, "bone", mfupa. Si vina kamili, vinakaribia tu, lakini Waingereza huvikubali. Bi Mwanatumu alimtazama kama aliyeambiwa kuwa funga inafaa hata ukinywa chai. Kwao shairi la namna hiyo huitwa guni, na mwenye kulileta mbele za watu huchekwa hadi wajukuu zake. Mtu anayeridhika na kina kilichokaribia, alijiambia, ataridhika na mengi mengine yaliyokaribia, hata na ndoa.

"Bi Mwanatumu," Edah akasema, "pengine mwenyewe anafanya mazoezi tu. Si umuulize?"

Basi mwalimu alijua karatasi ni ya nani. Alijuaje? Akamwongeza na yeye kwenye orodha ya anaowashuku.

Siku tatu alimchunguza mwanawe. Idarus alipanda ngazi akinong'ona. Alikaa kibarazani amejitia nyaya za simu masikioni, akisikiliza na kuchezesha midomo, na mama akiingia tu, anazima. Siku ya tatu, huko ukutani pwani, bibi mmoja wa Kizungu mwenye mvi alimshika bega, wakacheka. Bi Mwanatumu aliyaona hayo kupitia tundu la buibui lake, akayaunganisha na karatasi. Nyumbani, kutangatanga, povu la bahari. Kitana ni cha huyo bibi. Peke yake ni yeye, mama. Shairi zima alilisoma kabla halijatungwa.

Asubuhi iliyofuata alipepeta mchele na kutunga. Kisha akaghani kwenye simu, akautuma ubeti kwenye grupu la akina mama wa mtaa.

Nimelea kwa mikono, kinda langu la nyumbani,
Yeo limeota meno, latazama ugenini,
Lasomeshwa na maneno, ya bibi wa hotelini,
Nambiani kuna neno, gani tena la kughani?

Hakutaja jina. Nani alihitaji jina? Kufikia adhuhuri ubeti ulikuwa umeshavuka hadi kisiwa cha Pate, na wapanda punda walikuwa wakiughani njiani. Na ada ya Amu ni moja: shairi hujibiwa kwa shairi, kwa vina vile vile. Asiyejibu amekubali. Idarus, ambaye alikulia mapajani mwa mtunzi, hakuwahi kujaliwa kutunga hata mstari. Akanyamaza siku moja, mbili, tatu, na mtaa mzima ukasema, umeona, ni kweli.

Siku ya nne aliketi mbele ya mama yake.

"Mama, ile karatasi ndiwe uliyeitoa mfukoni mwangu?"

"Naliitoa. Mimi ndiye niliyekuvyaa."

Hakubishana. Alifungua simu, na chumbani ikatoka sauti ya Bi Mwanatumu mwenyewe, ya miaka sita nyuma, akiwa edani, akighani beti za kumlilia mumewe. Zilikuwa beti kumi na mbili, na kila mmoja ulitua kwa neno lile lile, nyumbani. Hakuwa na habari kuwa zilirekodiwa. Baadhi yazo alikuwa ameshazisahau.

"Wageni huniuliza kila siku, wanawake wa Amu hutunga nini," Idarus akasema. "Nikataka niwasomee wewe, beti zako hizi kwa Kiingereza. Yule bibi ni mwalimu mstaafu, alikuwa akinisahihisha. Kiingereza hakina vina vingi vya nyumbani, Mama. Nimehangaika navyo mwezi mzima."

Kisha akamwambia la pili. Hoteli moja ya Diani ilikuwa imemwita kazini tangu Rajabu, naye akawakatalia kwa sababu hakutaka kumwata mama peke yake. Jana amewapigia kuwaambia anakuja. Hawezi tena kupita ndiani, kila pembe anaghaniwa.

Bi Mwanatumu aliumia mpaka akashika mkeka. Akasema atamtungia jibu, kwa vina vile vile, yeo hii, litamsafisha.

"Ukinijibia wewe," Idarus akasema, "watasema hata jibu nimetungiwa na mama."

Jumatatu akapanda mashua ya kuvukia bara, ya Mokowe, na begi moja. Alimbusu mama yake mkono, lakini hakupiga simu alipofika.

Wiki mbili baadaye palikuwa na harusi Mkomani. Akina mama walipokwisha kuimba za kwao wakamtaka Bi Mwanatumu aghani ule wa kinda. Akasema ameusahau. Wasichana wakacheka, wakasema wao wanao, wakauanza kwa makofi. Na shairi la mtunzi likiimbwa mbele yake, ada ni asimame, avikwe koja la asumini shingoni, apewe leso. Akikaa, amelikana.

Mama wa bi harusi alikuwa ameshainuka na asumini mkononi. Bi Mwanatumu alitazama sakafu, akakaa. Wakarudia ubeti, wakidhani hakusikia. Akakaa vile vile, shairi zuri kuliko yote aliyowahi kutunga likipita juu ya kichwa chake. Alitaka waelewe kuwa maneno yale ni ya uongo. Lakini kabla pilau haijaletwa ukumbi ulikuwa na maelezo yake: kumbe si lake, kaliiba kwa Bi Khairiya. Ndiyo maana kalisahau.

Mtu alirekodi, kama kawaida. Alasiri ile simu ikalia kutoka Diani.

"Mama," alisema Idarus, "watu wasema lile shairi si lako."

"Na waseme," akajibu.